Acheni Nafasi ya Roho Mtakatifu: Historia Fupi ya Dansi za Shule Marekani



Kwenye semina ya kabla ya kusafiri Marekani watu wanafundishwa vitu vingi. Namna ya kufunga mkanda ndani ya ndege. Namba 911. Kwamba kodi ya nyumba hailipwi siku ukijisikia. Lakini kuna kitu kimoja hakimo kwenye semina, na ndicho kinachowapata wadogo zetu wa miaka kumi na miwili kabla hata hawajazoea baridi: karatasi kutoka shuleni, imechorwa nyota na noti za muziki, inasema Ijumaa jioni kuna dansi.

Mzazi anaigeuza ile karatasi mbele na nyuma. "Dansi? Ku masomo? Na mwalimu iko wapi?"

Mwalimu yuko mlangoni, mama. Yeye ndiye anauza tiketi.

Mwaka 2013 Marekani ilitangaza kwamba itapokea Wakongomani 50,000 katika miaka mitano, na tangu hapo karibu kila familia kambini ina mtu wa kule. Tunasikia mambo ya huko kwa sauti za WhatsApp: kazi, theluji, gari la kwanza. Na hizi dansi. Safari zenyewe zilisimamishwa Januari 2025, wengi wetu faili zikabaki njiani, lakini stori zinaendelea kuja. Mimi hizi stori za dansi zilinichekesha mpaka nikaanza kujiuliza: nani alibuni kitu kama hiki? Mtu mzima mwenye akili timamu alikaa wapi akasema, tuwachukue watoto wa miaka 12, tuwaweke gizani na muziki, halafu tuwakataze kugusana?

Jibu lina historia ndefu, na si ya kuchekesha yote.

Tuanze na umri. Kule, kati ya shule ya msingi na sekondari kuna shule ya kati, darasa la sita mpaka la nane, watoto wa miaka 11 mpaka 14. Wazo lilianza mwaka 1909 katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, walipofungua sekondari ndogo ya kwanza. Mwaka uliofuata Berkeley kule California nao wakafungua yao. Watu wazima waliona kwamba watoto wa umri huo si watoto tena na bado hawajawa vijana, basi wakawaweka peke yao, jengo moja. Yaani kila mwenye sauti inayokatika katikati ya neno, kila mwenye chunusi mpya, kila ambaye suruali ya mwezi uliopita imeshamfikia juu ya kifundo, wote pamoja kuanzia asubuhi mpaka mchana. Ukitaka kutengeneza aibu kwa wingi kama kiwanda cha sabuni, hivyo ndivyo unavyofanya.

Halafu kuna jambo ambalo Mungu mwenyewe alilipanga. Wasichana huanza kukua mapema kuliko wavulana, mara nyingi mwaka mmoja au miwili mbele. Kwa hiyo darasa la saba msichana ameshakuwa mrefu kama mama yake, na mvulana bado anafika kwenye bega. Sasa waweke hao wawili wacheze polepole. Kijana macho yanamwangalia kifungo cha blauzi, hajui aangalie wapi pengine, anaamua kuangalia saa ya ukutani.

Ukumbi ni ule wa mpira wa kikapu. Karatasi za rangi zimefungwa kwenye nguzo za goli. Kuna meza ya juisi na biskuti. Wavulana ukuta huu, wasichana ukuta ule, na katikati sakafu tupu kama Ziwa Tanganyika. Muziki wa haraka ukipigwa wanaingia kwa makundi, wanaruka, wanapiga kelele, ni salama. Muziki wa polepole ukipigwa, ukumbi unakimbia. Ghafla kila mtu ana kiu. Choo cha wavulana kinajaa. Wachache wanaobaki wanashikana: yeye mikono kiunoni, dada mikono mabegani, viwiko vimenyooka kabisa kama watu wawili wanaohamisha kabati. Wanazunguka taratibu, kulia, kushoto, kulia, kushoto, bila kuinua mguu.

Na mwalimu anapita katikati. Kwenye shule za Kikatoliki kuna msemo wa masista unaojulikana mpaka leo na unaotaniwa sana: acheni nafasi ya Roho Mtakatifu. Yaani nafasi kati yenu itoshe nafsi ya tatu ya Utatu kupita bila kuinamisha kichwa.

Hapo Mkongomani anacheka mpaka anakaa chini. Sisi rumba yetu, ile ambayo UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu Desemba 2021 kwa ombi la Kongo zote mbili, watu wengi wanasema jina lake linatoka kwenye nkumba, neno la Kikongo lenye maana ya kitovu. Kitovu kwa kitovu. Babu zetu hawakuacha nafasi hata ya karatasi. Lakini msicheke sana, nitarudi kwetu hapo mbele, na sisi tuna yetu.

Turudi nyuma. Karne ya 19 watu wenye hela Marekani na Ulaya walicheza kwa ratiba. Msichana akifika kwenye dansi alipewa kadi ndogo yenye kalamu imefungwa kwa uzi, na mwanamume aliyetaka kucheza naye aliandika jina lake kwenye mstari: wimbo wa tatu fulani, wa nne fulani. Kadi yako ikibaki nyeupe, kila mtu anaiona inaning'inia kwenye mkono. Sisi wa kambini hatuhitaji kueleweshwa sana hilo. Tunajua kusubiri jina litoke kwenye orodha.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mambo yakabadilika. Miji ikakua haraka, vijana wakaingia viwandani, wakapata mshahara wao wenyewe, na usiku wakaenda kwenye kumbi za dansi za mjini ambako hakuna shangazi anayeangalia. Wazee wakaingiwa na hofu. Jane Addams, yule mama wa Chicago aliyeendesha nyumba ya kusaidia wahamiaji na baadaye akapata tuzo ya Nobel, aliandika kitabu mwaka 1909 kuhusu vijana na mitaa ya mji. Yeye angalau alikuwa na huruma. Aliona kwamba kijana kutaka furaha si dhambi, dhambi ni mji kumwachia mwenye baa ndiye awe mtu pekee wa kumpa hiyo furaha. Fikra kama hizo zilizaa hoja ambayo mpaka leo inaendesha shughuli za vijana dunia nzima, za kambi zetu zikiwemo: kama lazima wacheze, wacheze mahali tunapowaona.

Wengine hawakuwa na huruma. Ikaja jazi, muziki wa watu weusi, na hofu ikawa mara mbili. Agosti 1921 jarida kubwa la akina mama, Ladies' Home Journal, lilichapisha makala nzima ya kuuliza kama jazi inaleta dhambi. Mwandishi alijibu swali lake mwenyewe, na mnaweza kukisia alijibu nini.

Halafu akaingia Henry Ford. Ndiyo, huyo huyo wa magari. Mzee Ford aliichukia jazi kwa moyo wote. Gazeti lake liliwasingizia Wayahudi kwamba wao ndio wanaisambaza ili kuwaharibu Wamarekani, upuuzi wa hatari ambao baadaye ulisafiri mpaka Ujerumani. Dawa yake ilikuwa dansi za zamani za vijijini, zile za jozi nne nne kwenye mraba huku mtu mmoja anaita amri: geuka, shika mkono, badilisha mwenzi. Akamleta mwalimu wa dansi kutoka Massachusetts, Benjamin Lovett, akamweka Dearborn karibu na kiwanda, na mwaka 1926 wakatoa kitabu cha kufundishia. Watoto wa shule za Dearborn wakafundishwa. Vyuo vikaiga. Na kwa miaka mingi baadaye, watoto wa shule Marekani nzima walijikuta kwenye kipindi cha mazoezi ya mwili wakilazimishwa kushika mkono wenye jasho wa mtu ambaye jana walikuwa wanamkimbia.

Kichekesho chenyewe kiko hapa: Ford alidhani anarudisha kitu cheupe kisafi. Kumbe wapiga fidla weusi, wengi wao watumwa, walikuwa ndio wakipiga muziki wa dansi hizo Kusini kwa vizazi, na ule mtindo wa kuita amri kwa sauti weusi ndio walikuwa miongoni mwa waliouleta. Mzee aliikimbia Afrika kwa kuingia mlango wa nyuma wa Afrika.

Ikaja miaka ya 1940 na dansi ya soksi. Sababu yake si mapenzi, ni mbao. Sakafu ya mpira wa kikapu inapakwa vanishi ya gharama, viatu vya ngozi vinaikwaruza, kwa hiyo mlangoni kila mtu anavua viatu na kuingia na soksi. Fikirieni tu mtu wa Kinshasa, msapeur kamili, ameweka akiba miezi minane kununua kiatu cha Weston, halafu mlangoni mwalimu anamwambia: kivue, kiache hapo. Huyo anarudi nyumbani, bana. Na kama soksi ina tundu kwenye kidole, mji mzima unajua hali ya nyumba yenu.

Kipindi hichohicho kulikuwa na mapinduzi madogo. Mchora katuni Al Capp alichora kwenye katuni zake za magazeti, mwaka 1937, kijiji ambacho siku moja kwa mwaka wasichana ndio wanawakimbiza wavulana. Watu wakaipenda mno. Miaka miwili tu baadaye jarida la Life lilihesabu vyuo zaidi ya 200 vilivyofanya dansi ya namna hiyo, msichana ndiye anayeomba. Ikashuka mpaka shule za watoto. Wavulana wakaonja kusimama ukutani na moyo unadunda, mtu anakuja, anakuja, anakupita, anamchukua wa pembeni yako. Nadhani kila mvulana angefaa kupitishwa hapo mara moja.

Mwaka 1960 akatokea Chubby Checker na twisti. Wimbo si wake wa kwanza, Hank Ballard aliutoa kabla yake, lakini Checker ndiye aliyeupeleka kila nyumba. Namna ya kuicheza ilielezwa hivi: zima kipande cha sigara kwa ncha ya mguu, huku unajipangusa mgongo kwa taulo. Basi. Lakini angalieni kilichotokea. Kwenye kumbi zile, sasa mtu hakuhitaji kushikana na mtu. Hakuna wa kukuomba, hakuna wa kukukataa, mfupi na mrefu sawa. Watoto wa shule ya kati wangemjengea Checker sanamu. Kuanzia hapo muziki wa haraka ukawa wa kila mtu, na mateso yote yakahamia kwenye nyimbo mbili tatu za polepole, mahali yalipo mpaka leo.

Sasa niseme kitu ambacho hakichekeshi.

Hofu ya watu wazima kuhusu nani anamshika nani haikuwa ya sentimita tu. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema shule za kutenga weusi na weupe ni kinyume cha katiba. Agosti 1957 kipindi cha televisheni cha American Bandstand, vijana wakicheza studio Philadelphia, kikaanza kuonekana nchi nzima. Muziki mwingi ulikuwa wa weusi. Vijana waliocheza karibu wote weupe, na kijana mweusi wa mji huohuo kupata nafasi ndani ya studio ilikuwa shida. Baltimore walikuwa na kipindi chao, cha Buddy Deane, kilichoanza 1957 pia. Hapo weusi walipewa siku yao ya pekee, mbali na wenzao. Mwaka 1963 vijana weusi na weupe wakaingia studio pamoja kwa nguvu wakacheza pamoja hewani. Mwanzoni mwa 1964 kipindi kikafungwa. Yaani wenye kituo waliona bora pasiwe na dansi kabisa kuliko hawa wawili kucheza sakafu moja.

Na shule za Kusini zikafanya hesabu hiyohiyo. Serikali ilipolazimisha shule zichanganyike, wengi walikubali darasa lichanganyike, hata timu ya mpira. Dansi hapana. Shule nyingi ziliacha kabisa kuandaa sherehe ya dansi ya wanaohitimu, wale wa miaka 17 na 18, na wazazi wakaandaa zao binafsi: moja ya weupe, moja ya weusi. Darasani mnaazimana kalamu, Jumamosi kila mmoja na ukumbi wake. Ukiuliza, unaambiwa ni desturi tu. Hakuna sheria iliyovunjwa, maana ni sherehe ya watu binafsi.

Mnaweza kudhani nasimulia mambo ya babu. Charleston, Mississippi, mji mdogo ambao mwigizaji Morgan Freeman ana nyumba karibu nao: mwaka 1997 Freeman alisema atalipa gharama zote za dansi ya kuhitimu kama wataifanya moja, kwa wote. Hawakumjibu. Mwaka 2008 akarudia, wakakubali. Elfu mbili na nane! Miaka 11 ofa imekaa mezani. Na hata mwaka huo, wazazi fulani weupe walifanya dansi yao pembeni. Filamu ipo, ilitoka 2009. Halafu Wilcox County, Georgia: mwaka 2013, ule mwaka wa tangazo la Wakongomani 50,000, wasichana wanne wa shule hiyo, weusi wawili na weupe wawili, marafiki, waliamua wao wenyewe kuandaa dansi ya kwanza ya pamoja. Wakaomba michango mtandaoni. Wakakodi ukumbi. Wakacheza.

Ninachoona hapo ni hiki. Watoto walikuwa tayari siku nyingi. Ile mita moja iliyoachwa katikati ya sakafu, watu wazima ndio waliipima. Mtoto wa miaka 12 haya zake ni za kawaida: jasho, soksi, urefu. Anazipita kwa mwaka mmoja. Hofu ya mzazi wake inaweza kukaa miaka hamsini.

Nilisema nitarudi kwetu.

Dar es Salaam, 1969. Vijana wa chama, TANU Youth League, walianzisha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na mkorogo. Wasichana walisumbuliwa barabarani. Mwaka huohuo mkoa ukapiga marufuku muziki wa soul. Sababu waliyotoa ilikuwa utamaduni na maadili, lakini ukiisoma unasikia sauti ya yule mwandishi wa 1921, ila huyu anavaa shati la mikono mifupi. Ajabu ni kwamba James Brown kule kwao alikuwa sauti ya fahari ya mtu mweusi, na huku akaonekana ni uchafu wa kigeni.

Na Zaire? Hapo waulizeni wazazi wenu, kama walizaliwa kabla ya 1975. Mobutu alipotoka kwenye safari zake za China na Korea Kaskazini alirudi na wazo la umati unaocheza kwa pamoja. Ikawa "animation". Wanafunzi, wafanyakazi, akina mama wa soko, vitenge vya chama, picha ya Mzee kifuani, mstari mmoja, kiuno kimoja, kusifu MPR. Rais akitua uwanja wa ndege, shule zinafungwa, mnasimama juani tangu asubuhi, mnacheza. Haikuwa na haya ya kuombwa au kukataliwa, kila mtu alikuwa amechaguliwa tayari, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda chooni wimbo ukianza. Wazee wengine mpaka leo wakisikia ngoma zile mguu unajibu wenyewe, halafu wanakasirika kwamba mguu umejibu. Nikilinganisha na mtoto wa Ohio aliyejificha nyuma ya meza ya juisi, ninamwonea wivu yule wa Ohio. Yeye angalau ana haki ya kutocheza.

Hapa ndipo nataka kuongea kidogo na ninyi wafanyakazi wa mashirika, najua mnasoma. Kila tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, kuna turubai la wageni. Viti vya plastiki, maji ya chupa, wageni wamekaa kwenye kivuli. Mbele yao, kwenye jua, vijana wanacheza, wamevaa fulana zenye nembo. Wamefanya mazoezi wiki tatu. Wageni wanapiga picha, wanapiga makofi, hotuba inafuata, magari yanaondoka. Sisemi ni vibaya, fulana tunazivaa mpaka zichanike. Ninasema kwamba mzazi wangu akiiangalia ile picha, anaijua. Ameshawahi kuwa ndani yake, miaka ya sabini. Kucheza mbele ya watu waliokaa ni kazi. Dansi ya shule, na ujinga wake wote wa viwiko vilivyonyooka, hakuna aliyekaa kuiangalia isipokuwa mwalimu mmoja mwenye usingizi.

Mimi ningewaomba kitu kidogo cha bajeti: jioni moja kwa mwezi kwenye kituo cha vijana, spika iliyopo tayari, taa, mtu mzima mmoja mlangoni wa kuaminika ili wasichana warudi nyumbani salama (hilo si la mzaha, na wazazi wasipoliona hawatawaruhusu, wako sahihi). Hakuna kamera. Hakuna ujumbe wa mradi. Wavulana watasimama ukuta huu, wasichana ule, tutaona. Wakongomani, Warundi, Wasudani, kila mmoja na mtindo wake wa kiuno. Wachungaji watakuja kuuliza maswali, wakaribisheni, wapeni juisi.

Na kama mnadhani haiwezekani, kuna mahali ilishawezekana kwa ukubwa zaidi. Kambi ya Dzaleka, Malawi, wilaya ya Dowa, mahali ambapo zamani palikuwa gereza. Tangu 2014 wakimbizi wenyewe wanaandaa pale tamasha linaloitwa Tumaini, lililoanzishwa na mshairi Mkongomani, Menes La Plume. Muziki, ngoma, mashairi, chakula, na baadhi ya wageni wanalala kwenye nyumba za wakimbizi. Wamalawi wanatoka Lilongwe, wazungu wanatoka mbali zaidi. Safari hii wao ndio hawajui mahali popote, hawajui nani ni nani, wanauliza choo kiko wapi. Jioni ndombolo ikianza wanasimama pembeni na chupa mkononi, wanatikisa kichwa tu, wanaangalia saa. Mpaka mtoto wa kambi aende kuwavuta.